Waranti ya Baba Nyakerario

Mjini Kisii, mtu akitaka habari zake zijulikane hana haja ya kugharamika. Atazitaja mara moja tu sokoni Daraja Mbili, na kabla hajamaliza kuchagua vitunguu zitakuwa zimemtangulia nyumbani. Aliyetaka zisijulikane ndiye aliyekuwa na kazi. Huyo, katika miaka ile ya tisini, alipanda ngazi za jengo moja nyuma ya posta, akagonga mlango ulioandikwa CHAPA NA FOTOKOPI, akangoja Nyakerario afunge dirisha kwanza.

Nyakerario alikuwa na maringo, na mimi simlaumu. Hayakuwa maringo ya viatu wala ya nywele. Aliringia mdomo wake. Walimu walimletea barua za kuomba uhamisho ambazo wakuu wao hawakupaswa kuzijua. Wanaume wazima walimletea barua za kuomba msamaha kwa wake zao. Mashemeji waliokosana, wachumba walioachana, wazee wa kanisa waliokuwa wakishtakiana, wote walikaa kwenye kiti kile kimoja cha mbao wakanong'ona, naye akapiga chapa bila kuinua nyusi. Siku moja bwana fulani alimfuata hadi hotelini akitaka kujua kaka yake aliandikiwa nini. Nyakerario alitafuna chapati yake, akameza, akamuuliza, "Unataka kopi ngapi?" Yule bwana aliondoka akitukana.

Kompyuta aliyoitumia ilinunuliwa mwaka uliotangulia katika duka la Hasmukh, pale barabara kuu. Aliyeilipia ni mama yake, Nyaboke wa Sironga, kwa bonasi ya majani chai na mtamba mmoja ambaye hadi leo hutajwa nyumbani kwa jina lake. Duka lilitoa pia kadi ya waranti: kwa miaka miwili, mashine ikiharibika yenyewe, bila kupigwa nyundo wala kumwagiwa chai, duka lingeitengeneza bure. Kadi hiyo Nyaboke aliipokea mwenyewe kutoka kwa bintiye, akaikunja bila kuitazama, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Kitu kilichotoka jasho lake hukaa kwake.

Sasa kazi zilikuwa zimezidi. Mawakili walianza kuleta hati ndefu, na mashine ikawa inapumua kwa shida. Nyakerario akaamua kuiuza achukue kubwa zaidi, na mnunuzi akajitokeza upesi: Makori, karani mstaafu wa chama cha ushirika, aliyekuwa anafungua chumba chake cha chapa huko Masimba. Makori alikuwa mtu mcheshi wa kofia ya kahawia, hana ubaya, ila hakupenda kutoa jasho mahali ambapo jasho la mwenzake lilikuwa limeshatoka. Sharti lake lilikuwa moja. Umeme wa Masimba ulikuwa wa kuja na kukimbia, kwa hiyo alitaka mashine pamoja na waranti yake, iandikwe kwa jina lake.

Habari za kuuza hazikuwa zimepoa wakati Drusilla alipoingia na kapu la ndizi mbivu.

Drusilla alikuwa ameolewa Masimba. Miezi michache nyuma alikuja kwa siri kupigiwa chapa barua ya kwenda ofisi ya mashamba. Mumewe alikuwa na mpango wa kuuza kipande cha chini, kile cha mtoni chenye mahindi ya watoto, naye Drusilla aliomba kwamba lolote lisiidhinishwe kabla yeye hajaitwa. Nayasema haya kwa sababu mwenyewe huyasimulia siku hizi kwa sauti kubwa, akiwa amesimama katikati ya mahindi hayo. Lakini wakati ule mumewe hakujua. Na mumewe alikuwa binamu ya Makori, watu wa kunywa chai meza moja.

"Nasikia mashine inaenda Masimba," Drusilla alisema.

"Ni kweli."

"Na ile yangu?"

"Yako haiendi mahali."

"Umeitoa huko ndani?"

Nyakerario alikuwa karibu kusema ndiyo, amtulize, maana kweli alikuwa ameshaifuta siku ileile aliyoipiga chapa. Akajizuia. Alikumbuka jambo la Gaurav, mwana wa Hasmukh, ambaye ndiye fundi wa duka. Kuna wakati Nyakerario alifuta kwa bahati mbaya hati ya wakili, karibu alie. Gaurav akaja na disketi yake, akabonyeza-bonyeza, na hati ikafufuka nzima, hata makosa yake ya herufi. "Ukifuta, mashine inasahau tu pahali iliweka," Gaurav alimweleza. "Yenyewe inabaki huko mpaka kitu ingine iandikwe juu yake." Nyakerario alimshukuru sana siku ile. Alipobaki peke yake aliitazama ile mashine kwa hofu, akiwaza wote waliowahi kukaa kwenye kile kiti.

"Bado," akamwambia Drusilla. "Lakini haitavuka huu mlango. Mimi nimesema."

Drusilla aliacha ndizi zake mezani, akaenda. Hakuuliza tena, na kule kutouliza kulimwelemea Nyakerario kuliko maswali. Ikiwa barua ile ingesomwa Masimba, shamba lingeuzwa kimyakimya wiki hiyohiyo, na Drusilla angejua ni nani aliyemuuza yeye.

Jumatano asubuhi Nyakerario alipita Sironga, mama yake akiwa ameshakwenda shambani, akachukua kadi kutoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, akaitia mkobani pasipo hata kuikunjua, akakutana na Makori dukani kwa Hasmukh. Hasmukh mwenyewe alikuwa amesafiri na Gaurav kwenda Nairobi kuleta mali. Aliyekuwa kaunta ni Megha, mke wa Gaurav, aliyeletwa kutoka Mombasa. Kiswahili cha Megha kilikuwa kimenyooka hivi kwamba kulikuwa na watu walioingia kuuliza bei ya vitu wasivyovitaka ili tu wamsikie.

"Waranti yahamishika, wala haina shida," Megha alisema. "Mwenye mashine aja nayo, fundi aikagua, mwenyewe atia sahihi, kisha mnunuzi twamwandikia." Akaikunjua kadi. "Lakini hii si yako, dada. Ni ya babako."

"Ya nani?"

"Imeandikwa hapa, Baba Nyakerario. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Basi mwambie aje, hata kesho."

"Baba yangu alikufa."

"Ala! Pole sana. Lini?"

"Nikiwa darasa la nne."

Megha akaitazama kadi, akamtazama Nyakerario, akamtazama Makori, akairudia kadi. "Mashine hii imenunuliwa mwaka jana, dada."

"Aliyenunua ni mama."

"Kadi haisemi mama."

Watu waliokuwa wakichagua betri na balbu waliacha kuchagua. Megha hakuwa na nia mbaya, lakini sauti yake ya kuimba ilifika hadi barabarani. "Sasa mimi nitaihamishaje mali ya marehemu? Tena marehemu aliyenunua kompyuta baada ya kuzikwa? Nisamehe, siwezi. Mzee arudi Ijumaa. Mwaweza kuja kumwona."

Nyakerario, ambaye mawakili walimwogopa, alinyoosha mkono kuidai kadi. Aliona jinsi wale wateja walivyomkagua, kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, wakijiuliza mashine hii aliitoa wapi. Alichukua kadi yake akatoka akiwa ameinua kichwa, lakini masikio yalikuwa yanamwaka moto.

Nje, Makori alimfuata akicheka. "Hiyo kadi isikusumbue bure, mama. Mimi nitaichukua tu hivyo, bila waranti. Bei ni ileile."

"Kweli?"

"Haki. Lakini na wewe usifute kitu. Niachie hiyo kazi yako yote ikiwa ndani. Barua, mikataba, hati za kiapo. Mimi nitakuwa nabadilisha majina tu, kazi imeisha. Nikianza na mashine tupu nitaandika mpaka lini?"

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililomtisha Nyakerario. Kubadilisha majina! Ili mtu abadilishe jina lazima kwanza alisome. Angefika kwenye jina la Drusilla siku ya kwanza, labda ya pili, huku binamu yake amekaa kando akingoja chai.

"Hizo barua si zangu, mzee."

"Ziko kwa mashine yako."

"Watu waliniachia. Hawakuniuzia."

Makori aliivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Basi mimi nikuambie ukweli. Ama unipe waranti, ama unipe hizo barua. Ukininyima zote mbili, Jumatatu naenda Kisumu kutafuta ingine."

"Waranti utapata Ijumaa," Nyakerario alisema. Ilimtoka kabla hajafikiri. Jinsi ya kumleta dukani mtu aliyezikwa Sironga miaka yote hiyo hakuijua hata kidogo, lakini angekula udongo kuliko kurudisha maneno yake mbele ya Makori.

Alasiri hiyo alifunga ofisi akaenda nyumbani Sironga. Njiani alijaribu kujikumbusha sura ya marehemu, na hakufanikiwa vizuri. Alikumbuka koti, na kikohozi, na mkono mkubwa ulioshika wake siku ya kwanza ya shule. Alijiuliza ni nani aliyempeleka mtu huyo kwenye kadi ya kompyuta, akamkasirikia Megha, akajikasirikia mwenyewe kwa kutoisoma ile kadi mwaka mzima.

Mama yake alikuwa shambani, kapu mgongoni, vidole vikicheza juu ya majani chai. Nyakerario alishuka ule mteremko, na kutoka mbali, kama alivyofanya tangu alipoanza kusema, alimwita.

"Baba!"

Akasimama palepale.

Wasomaji wa pwani wanivumilie. Kwa Kiswahili baba ni baba, hilo halina ubishi. Lakini kwa Abagusii mzazi wa kiume huitwa tata, na baba ni mama. Baba ndiye anayekuzaa, ndiye anayekunyonyesha, ndiye unayemlilia ukiumia kidole. Mtoto wa Kisii husoma Kiswahili shuleni, akajua kwamba huko vitabuni baba ana ndevu, akafaulu mtihani, lakini akishikwa na furaha au uchovu ulimi wake hurudi kwao.

Na siku ile ya kununua mashine Nyakerario alikuwa na vyote viwili, furaha na uchovu. Sasa alikumbuka vizuri. Mama yake alikuwa nje akigombana na mwenye mkokoteni. Megha, mgeni mjini, kalamu mkononi, aliuliza mwenye mashine ni nani. Naye Nyakerario akamjibu kwa majivuno, "Ni ya baba. Baba ndiye analipa yote." Megha akaandika alichosikia, tena kwa Kiswahili safi. Laiti angekuwa anakijua vibaya kama sisi, angeuliza mara mbili.

Nyakerario alicheka mpaka akakaa chini katikati ya majani chai.

"Unaniita, kisha unanyamaza, kisha unacheka," mama yake alisema kwa Kigusii, akija mbio. "Umeona nyoka ama umeshikwa na malaria?"

"Baba, unatakiwa mjini. Ni mambo ya waranti."

Nyaboke alitua kapu. "Waranti! Mimi? Polisi wananitafutia nini?"

Ilichukua muda kumweleza kwamba kuna waranti ya kukamatwa na kuna waranti ya kutengenezewa, na kwamba hii ilikuwa ya pili. Ilichukua muda zaidi kumweleza habari ya kadi. Nyaboke alisikiliza huku akitoa majani kwenye mikono ya sweta yake.

"Kwa hiyo huyo msichana alinifanya mwanaume."

"Kwenye kadi tu."

"Hmm," alisema Nyaboke, na hakucheka.

Akauliza kuhusu barua. Bintiye hakumtajia jina la mtu yeyote, hata yeye, na Nyaboke hakutaka. Alimweleza tu kwamba kufuta peke yake hakutoshi. Ilibidi diski ijazwe maneno mengine mpaka pomoni, yaandikwe juu ya yale ya zamani, ndipo yale ya zamani yafe kabisa. Maneno yoyote yangefaa.

"Mbona yawe yoyote?" Nyaboke alisema. "Nitakupa mimi."

Ijumaa asubuhi alipanda zile ngazi za nyuma ya posta akiwa amevaa nguo yake ya Sabato, ingawa Sabato ilikuwa bado kesho yake. Alikaa kwenye kiti cha mbao, kiti cha wenye siri, akaitazama mashine ambayo mtamba wake alikuwa ameinunua. Nyakerario alihamisha barua zilizohitajiwa na wenyewe kwenye disketi, akazifungia kwenye sanduku la bati lenye kufuli. Zilizobaki akazifuta, moja baada ya nyingine. Kisha akafungua ukurasa mpya.

"Haya, sema."

Nyaboke alikohoa. Alisema kwa Kiswahili, kwa kuwa alitaka aeleweke na mtu yeyote kutoka popote. "Andika: Hapa hakuna kitu yako."

Nyakerario akapiga chapa. "Hivyo tu?"

"Na uweke jina yangu chini. Ile ya kadi."

Basi ukawa ni ukurasa mmoja wa sentensi moja, ukarudiwa, ukaunganishwa na wenyewe, ukawa maradufu, ukarudiwa tena. Mashine ikanguruma asubuhi nzima. Nyaboke alikula ndizi za Drusilla bila kujua ni za nani, akitazama taa ndogo ikiwaka na kuzima, mpaka mashine ikaandika kwamba diski imejaa, haina nafasi hata ya herufi. Nyakerario akazifuta na kurasa hizo nazo. Sasa hata mtu akifukua, atafukua hizo. Kisha akaizima mashine.

Waliibeba mashine hadi dukani, wakawakuta Hasmukh na Gaurav wamerudi, Megha yuko kaunta, na Makori amefika mapema na kofia yake. Wateja nao walikuwepo. Nadhani wengine walirudi makusudi.

Megha alimwamkua Nyaboke kwa heshima, kisha akamgeukia Nyakerario. "Na babako yuko wapi?"

"Baba ni mimi," alisema Nyaboke.

Megha akadhani hakusikia vizuri, akainama mbele. Ila Hasmukh, aliyezaliwa Kisii na kucheza mpira na watoto wa Kisii, alipiga kaunta kofi moja akaanza kucheka, akicheka akamsalimu Nyaboke kwa Kigusii, akashindwa kumaliza salamu. "Megha, Megha beti," alisema alipopata pumzi, akimwita binti kwa lugha yao. "Hapa kwetu baba ni mama! Umemwandika mama!"

Megha alijifunika uso kwa viganja. Watu wakacheka, hata yule wa betri. Nyaboke alingoja wamalize. Hakuwa amekuja kuchekwa wala kuchekesha. Aliweka mkoba wake juu ya kaunta, akasema kwa kile Kiswahili chake cha soko, polepole, kila neno likiwa na uzito wake:

"Msichana hajakosea. Kwa kikwetu mimi ndiyo baba. Na kwa hiyo Kiswahili yenu pia mimi ndiyo baba, kwa sababu yule mwingine aliniachia huyu akiwa darasa la nne. Nani alipanda juu ya nyumba kuweka mabati? Nani alisimama na wanaume kwa mpaka ya shamba? Hiyo mashine ni nani alinunua? Andika vile unataka. Yote ni mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Nyakerario alisimama kando yake, na kama mtu angemwambia wakati huo achague kati ya kuzaliwa tena na wazazi kumi na kuzaliwa na huyu mmoja, asingesumbuka kujibu. Alijivuna waziwazi, machozi yakimtoka, na hakuyafuta.

Makori alivua kofia. "Kweli kabisa, omong'ina," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kwa neno la Kigusii la kumheshimu mama mtu mzima.

Gaurav aliiwasha mashine kwa disketi ya duka. Akailinganisha namba iliyo mgongoni mwake na ile ya kadi, akaikuta haina kitu ndani, haina ubovu, akasema iko sawa. Nyaboke akatia sahihi kwa zile herufi alizojifunza kwenye darasa la watu wazima, akizikaza moja moja kana kwamba anapanda miche. Hasmukh akageuza kadi kuandika nyuma yake jina la Makori, ampe aende nayo. Nyaboke akaweka kiganja juu ya kadi.

"Hiyo iko na nyumba yangu na sanduku yangu ya posta. Huyu amenunua mashine. Hajaninunua mimi."

Hasmukh alifikiri kidogo, akakubali. Akachukua kadi mpya, akaandika namba ya mashine, muda uliobaki na jina la mwenye mashine wa sasa, basi. Ile ya zamani ikaingia kwenye droo ya duka na droo ikafungwa kwa ufunguo.

"Na hii yangu?" Makori aliuliza, akiishika kadi yake kwa ncha za vidole. "Hayo mambo yangu yataonwa na nani?"

"Dukani tu," Hasmukh alisema.

"Ni sawa," alisema Makori. "Nilikuwa nauliza tu."

Mashine ikaenda Masimba. Drusilla alipita ofisini wiki iliyofuata na kapu lingine, akauliza kwa macho, naye Nyakerario akaitikia kwa kichwa mara moja. Hawakuongea zaidi. Shamba la mtoni halikuuzwa, na sababu zake ni za nyumba yao. Ninyi mnajua tu kwamba mahindi yapo.

Mwaka uliofuata, katikati ya mvua za masika, mtu alipanda ngazi za nyuma ya posta akidondosha maji. Alikuwa Makori. Aliingia, akafunga mlango yeye mwenyewe, kisha akaenda akafunga na dirisha.

"Mashine imeharibika?" Nyakerario alimuuliza kutoka nyuma ya kompyuta yake mpya. "Waranti bado iko."

"Haijaharibika." Makori alikaa kwenye kiti cha mbao. Alitazama sakafu. "Nilileta fundi, mtu wa mbali. Ako na disketi ya kufufua vitu. Nilikuwa nataka tu ile mikataba, haki ya Mungu. Mikataba peke yake."

"Ukaipata?"

"Nilipata kurasa. Huyo fundi alifukua mpaka akachoka. Kila moja inasema kitu moja." Akainua macho, na ule ucheshi wake ukamrudia kidogo pembeni mwa mdomo. "Hapa hakuna kitu yako. Na jina chini. Baba Nyakerario."

Nyakerario aliinamia kompyuta yake. Alikuwa akijizuia kucheka, na alikuwa akiwaza jinsi atakavyokwenda Sironga mwisho wa wiki kumsimulia mama yake, na jinsi mama yake atakavyosema "hmm" na kuendelea kuchuma chai, na kuwa na raha mwezi mzima.

Makori aliigeuza kofia yake juu chini. Ndani, penye ukavu, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imeandikwa kwa mkono.

"Mashine ninayo," alisema. "Chumba ninacho. Hii ningepiga kwangu, ila sikutaka ilale huko. Ndiyo nimekuja kwako."

Nyakerario aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili, jinsi ya kupokea kitu cha mkwe. Alivuta kiti chake, akaunyoosha mgongo, akaanza kupiga chapa bila kuinua nyusi, na mvua ikapiga dirisha lililofungwa. Sidhani kama kulikuwa na mtu mwingine Kisii nzima siku hiyo aliyekaa kitini mwake akiwa mrefu kiasi kile.

Barua ya Makori ilihusu nini, msiniulize. Mimi mwenyewe nilikwenda nikamuuliza Nyakerario, tena kwa upole, tena baada ya miaka mingi kupita. Akaniuliza nataka kopi ngapi.